Jibu: Matokeo ya Lunga Lunga ya 2007 yako wapi?

Salamu ndugu. Umesema umetafuta matokeo ya ubunge wa Lunga Lunga, kaunti ya Kwale, ya 2007 na hupati kitu, wakati ya 2013 yapo. Usihangaike na faili. Mwaka 2007 eneo bunge hilo halikuwepo. Lilimegwa kutoka Msambweni mwaka 2012, Kenya ilipotoka maeneo bunge 210 hadi 290 chini ya Katiba ya 2010, na mbunge wake wa kwanza, Khatib Mwashetani, alichaguliwa Machi 2013.

Kwa hiyo anza na Msambweni ya 2007, lakini tafadhali usichukue jumla yake ukailinganisha na Lunga Lunga ya 2013. Hapo ndipo wengi wanapodai chama "kimepoteza kura" ambazo zimebaki tu upande wa Msambweni, ng'ambo ya mpaka mpya wa eneo bunge. Mimi hushuka hadi vituo vya kupigia kura, natenga vilivyo ndani ya wadi za sasa za Lunga Lunga: Vanga, Dzombo, Mwereni na Pongwe/Kikoneni. Vingi ni shule za msingi, basi majina huoanishwa kwa urahisi. Ukikosa matokeo ya vituo, jumlisha Msambweni na Lunga Lunga za 2013 ndipo ulinganishe na Msambweni ya 2007. Kuanzia 2017, hesabu ya kituo imo kwenye Fomu 35A ya tume ya uchaguzi, na ya eneo bunge zima kwenye Fomu 35B.