Maswali ya Wasomaji: Mtu Usiyemjua Anapokuomba Msaada

Nauza mboga sokoni, Morogoro. Juzi imeingia meseji kwamba nimepokea Sh 85,000. Hata sijaisoma vizuri, mama mmoja akapiga huku analia: kakosea namba, hela ni ya hospitali, nimrudishie kwa namba nyingine kwa kuwa laini aliyotumia ina matatizo. Sijamrudishia bado, ila moyo unanisuta.

Dada, kwanza angalia salio, na usiliangalie kwenye meseji. Ingia mwenyewe kwenye menyu: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa waliokuwa Tigo Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Meseji ya kweli huingia kwa jina la huduma. Ya uongo mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida, ya kuanzia 06 au 07. Tena hesabu yake haikai sawa: chukua salio ulilokuwa nalo, jumlisha 85,000, linganisha na "salio jipya" walilokuandikia. Tapeli hajui ulikuwa na shilingi ngapi, kwa hiyo hubahatisha, au sehemu hiyo huiacha kabisa.

Kama salio halijasogea, hakuna hela iliyoingia. Usibishane naye. Mripoti kwa 15040, namba iliyowekwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa ajili ya ujumbe wa kitapeli: anza na neno UTAPELI, kisha fuata maelekezo utakayopewa.

Ugumu unakuja pale salio linapokuwa limeongezeka kweli. Hapo wengi husema, "Basi, si mwongo," wakatuma. Bado usitume. Aliyekutumia anaweza kupigia mtandao wake akaomba muamala urudishwe, na akiwa na namba ya kumbukumbu iliyo kwenye meseji ya muamala atasikilizwa. Wewe umeshamtumia 85,000 kwa mkono wako, mtandao nao unakata 85,000 nyingine. Au hela hiyo imeibwa kwa mtu wa tatu. Ona alivyokuomba: imetoka namba moja, anataka iende namba nyingine. Mwenye hela akilalamika, muamala utaonyesha ilitua kwako, na wewe ndiye utakayeanza kuulizwa.

Mjibu hivi: "Piga 100 kwenye mtandao uliotumia, waombe warudishe muamala. Mimi hela sitaigusa." Kisha usiiguse kweli, hata ya nauli. Wewe mwenyewe piga 100, wasomee namba ya kumbukumbu, waeleze ilivyokuwa. (Wasomaji wetu wa Kenya: aliyekosea kwa M-PESA ya Safaricom ndiye anayepeleka ule ujumbe wa muamala kwa 456.) Aliyekosea kwa haki hapotezi kitu kwa njia hiyo, zaidi ya kusubiri. Tapeli hawezi kusubiri. Atatoka kwenye kilio hadi matusi ndani ya simu mbili, halafu "mhudumu wa mtandao" atakupigia kwa namba ya kawaida akuelekeze namna ya "kurudisha". Mtandao hukupigia kwa namba 100 tu.

Niliyesoma naye sekondari kaniandikia WhatsApp kwamba kanitumia namba ya tarakimu 6 kimakosa, nimsomee. Picha ni yake, na hata jina langu la utani analijua. Nimemsomea, sasa WhatsApp yangu haifunguki. (Dodoma)

Namba ile ilikuwa yako tangu mwanzo. Kuna mtu aliandika namba yako ya simu kwenye kifaa chake, WhatsApp ikakutumia wewe uthibitishe. Na aliyekuandikia si rafiki yako. Akaunti ya rafiki yako ilichukuliwa kwa njia hiyohiyo, na jina la utani limesomwa kwenye mazungumzo ya kundi.

Fungua WhatsApp, andika namba yako, omba tarakimu 6 mpya kwa SMS, uziingize. Hapo hapo yule anatupwa nje. Ukiulizwa namba ya siri ambayo hukuiweka, ujue ameiweka yeye: itabidi usubiri siku 7 ndipo uingie bila hiyo, lakini hata yeye hayumo tena. Ukishaingia, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, ondoa usivyovijua. Kisha Mipangilio, Akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba yako ya siri.

Hayo yote yafanye baada ya kupigia simu ya kawaida watu wa nyumbani. Muda huu huenda shangazi yako anaombwa "nikopeshe elfu hamsini, jioni nakurudishia" kwa picha yako.

Stendi kijana kaniomba simu apige kidogo, yake imezima chaji. Nikikataa si roho mbaya? (Tanga)

Msaidie, ila simu isitoke mkononi mwako. Akutajie namba, uandike wewe, uweke spika. Akikutajia kitu kinachoanza na nyota na kuishia na alama ya reli, mfano *21* kisha namba ya simu kisha #, hapigi mtu: anaelekeza simu zako zote ziende kwake. Na WhatsApp inaweza kusoma zile tarakimu 6 kwa kupiga simu, sasa unaelewa anazitakia nini. Kama uliwahi kumpa mtu simu na una shaka, piga *#21# uone kama simu zinaelekezwa kwingine, na ##002# kufuta maelekezo yote.

Mpangaji mwenzangu hana NIDA, ananiomba nimsajilie laini kwa kitambulisho changu, atanipa 5,000. (Mbeya)

Hapana. Usajili ni wa alama za vidole, kwa hiyo laini hiyo ni yako wewe, na kitakachofanywa nayo kitaanza kuulizwa kwako. Kama namba ya NIDA hana, aanzie ofisi ya NIDA ya wilaya.

Hata unapojisajilia ya kwako, kuwa macho na wakala anayekwambia "kidole hakijasoma, weka tena". Inaweza kuwa kweli, hasa kama mikono ina vumbi au sabuni. Inaweza pia kuwa cha kwanza kimesoma vizuri, na cha pili kinasajili laini ya mtu mwingine. Mwombe akuonyeshe skrini kabla ya kurudia. Ukifika nyumbani piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda na NIDA yako kwenye duka la mtandao husika ikafutwe. Si kwa wakala wa chini ya mwavuli.