Tovuti ya nyumba ya wageni Jambiani imepotea Google: kagua haya kabla ya kumlipa mtu

Waalaikumu salaam ndugu yangu. Nimekuelewa: nyumba yako ya wageni iko Jambiani, tovuti ilijengwa upya kabla ya masika, na tangu hapo ukitafuta jina lake Google inaleta kurasa za mawakala wanaokukata kamisheni kwa kila chumba, yako haipo kabisa. Sasa umepata mtu anayetaka umlipe kila mwezi akuandikie makala. Subiri kwanza. Mie natengeneza na kukarabati tovuti za hoteli ndogo na za watembezaji wageni hapa Unguja. Tovuti inayopotea mara tu baada ya kujengwa upya, tatizo lake kwa kawaida si uchache wa makala. Ama Google haiwezi kuisoma, ama imeambiwa isiiorodheshe.

Andika kwenye Google site: na anwani ya tovuti yako, bila nafasi katikati. Usipotoka hata ukurasa mmoja, ingia Google Search Console, huduma inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi Google inavyoiona. Ni bure, unathibitisha umiliki kwa kuongeza rekodi ya TXT (mstari wa maandishi unaopewa na Google) pale ulipolisajili jina la tovuti. Fungua kwa barua pepe yako wewe, si ya fundi. Nimekutana na wenye hoteli Nungwi na Paje wasioweza kuona takwimu za mali yao wenyewe kwa sababu fundi kahamia Dar na simu hapokei. Ukishaingia, bandika anwani ya ukurasa wa mwanzo kwenye kisanduku cha ukaguzi kilicho juu. Utaambiwa kama umo kwenye faharasa ya Google, yaani orodha ya kurasa inazoweza kuzionyesha kwenye matokeo, na kama haumo, sababu yake.

Kwa dalili zako nashuku mambo mawili. WordPress, programu inayoendesha tovuti nyingi, ina kisanduku, kwenye mipangilio ya usomaji, kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Fundi hukitia alama wakati wa ujenzi, akimaliza anasahau kuiondoa, na kila ukurasa unabaki na agizo la noindex, yaani "usiniorodheshe". Jengine ni faili la robots.txt, linaloziambia roboti (programu za injini za utafutaji zinazosoma tovuti) zisome nini na zisisome nini. Andika anwani yako, mkwaju (/), halafu robots.txt. Ukiona "User-agent: *" na chini yake "Disallow: /", basi roboti zote zimekatazwa kusoma tovuti nzima.

Watu huvichanganya sana viwili hivi. robots.txt inazuia kusomwa, noindex inazuia kuorodheshwa. Ukurasa uliozuiwa na robots.txt bado unaweza kutokea kwenye matokeo, anwani tupu bila maelezo, kwa kuwa Google imekuta linki yake kwengine. Na ukiviweka vyote viwili, Google hailioni agizo la noindex, maana hairuhusiwi kuufungua ukurasa ulimoandikwa. Wewe unataka wageni wakuone, kwa hiyo ondoa vyote.

Vikiwa safi na tatizo bado lipo, waulize wenye seva kuhusu ukuta wa ulinzi. Googlebot, roboti ya Google, kwa kawaida huja na anwani za IP za Marekani. Nimewahi kukuta tovuti iliyofungiwa nchi za nje ili kuzuia wavamizi. Google ikafungiwa nao, na wageni wa Italia na Poland pia.

Baada ya hapo tazama anwani za zamani. Kama ukurasa wa vyumba umebadilishwa anwani, linki zote ambazo watalii waliziweka huko nje miaka yote hii sasa zinaishia kwenye 404, yaani "ukurasa haupo". Kila anwani ya zamani ielekezwe kwa 301 (agizo la kuhama moja kwa moja) kwenye ukurasa mpya unaolingana nayo. Usizitupe zote kwenye ukurasa wa mwanzo. Google huweza kuzihesabu kama kurasa zisizokuwepo.

Umesema una kurasa za Kiitaliano na Kijerumani. Ziunganishe kwa hreflang, alama inayoiambia Google ukurasa upi ni wa lugha ipi, na kila ukurasa umtaje mwenzake pande zote mbili, la sivyo agizo hupuuzwa. Na usimhamishe mgeni kwa nguvu kufuata nchi aliyopo, maana roboti inayotoka Marekani itaishia kuona Kiingereza tu.

Kasi inakuja baadaye, lakini nayo ni muhimu kwako kwa sababu unauza kwa picha. Picha ya ufuo iliyotolewa moja kwa moja kwenye simu ina megabaiti kadhaa. Ipunguze upana na uigeuze iwe WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi. Google inataka kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini ya kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5, na ukurasa uitike mguso ndani ya milisekunde 200. Kipimo hiki cha pili kilianza kutumika Machi 2024. Pima kwa PageSpeed Insights, kipimo cha kasi cha Google, upande wa simu, wala usihangaike kutafuta alama 100. Jambo zito zaidi: Google husoma toleo la simu, kwa hiyo kama bei za vyumba zinaonekana kwenye kompyuta tu, kwake hazipo.

Ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya kurasa zako zote, WordPress inaitengeneza yenyewe tangu toleo la 5.5, iko kwenye wp-sitemap.xml; iwasilishe Search Console, kisha omba ukurasa wa mwanzo uorodheshwe. Huchukua siku chache hadi wiki kadhaa, na wageni wa Julai wameshaanza kutafuta vyumba, kwa hiyo fanya leo. Bandika hapa kilichomo kwenye robots.txt yako na jibu la ule ukaguzi, nitavipitia usiku baada ya Isha.