Jibu: Upepo wa ubavuni unanisukuma nikipita lori

Habari ndugu. Umesema upepo wa ubavuni unakuyumbisha unapolipita lori kwa pikipiki, na ukikaza mikono hali inazidi. Anza na hiyo mikono: legeza viwiko, bana tangi kwa magoti, inama kidogo. Upepo ukitoka kushoto, sukuma mkono wa kushoto wa usukani mbele taratibu. Pikipiki italalia upepo na kushika njia.

Penye hatari hasa ni ubavuni mwa lori. Linakukinga, upepo unakatika ghafla nawe bado umelala, unavutwa kwake. Ukitokeza mbele, unapigwa tena! Acha nafasi pana, legeza msukumo mara unapokingwa, ukae tayari kuurudisha. Mimi sanduku la nyuma hulivua siku za upepo, linashika upepo kama tanga. Ukihamishwa njia hata ukiwa mwendo mdogo, simama usubiri.