Kwa Wawili, Bologna ya Oktoba

Swali lenu la juma hili linauliza ni wapi mume na mke waende wakipata likizo ndefu ya pamoja, na waitumieje ili warudi wamepumzika kweli. Jibu langu ni Italia, mwezi wa Oktoba, katika mkoa wa Emilia-Romagna. Wapange chumba katika mji wa Bologna, wakae hapo hapo mpaka siku ya kurudi, na miji mingine waiendee kwa treni asubuhi na kurejea jioni. Nasema hivi kwa sababu ndivyo tulivyofanya mimi na mume wangu alipostaafu, na kwa sababu nawaona wenzetu wengi wanaokwenda Ulaya kutoka huku kwetu wakirudi wamechoka kuliko walivyoondoka.

Mume wangu alikuwa na mpango mwingine. Alitaka Roma, Firenze, Venezia na Milano, kila mji siku mbili, kwa hoja kwamba nauli ya kufika huko ni kubwa na huenda tusijaliwe kwenda tena. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kila kuhama kunakula nusu ya siku: kufunga mizigo, kurudisha ufunguo, kusubiri treni, kutafuta hoteli, kisha kukaa mapokezi mpaka chumba kiwe tayari. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote, na likizo ya wawili haina faida kubwa ikiwa jioni kila mmoja analala na viatu miguuni. Bologna ilimridhisha alipotazama ramani ya reli, kwa kuwa njia kuu za kaskazini na kusini hukutana pale. Modena na Ferrara ziko umbali wa nusu saa hivi, Parma karibu saa moja, Ravenna saa moja na kitu, na treni za mkoa zinazokwenda huko zina nauli isiyopanda wala kushuka, hata ukikata tiketi dakika kumi kabla ya kuondoka.

Kuhusu majira, Julai na Agosti joto la bonde la mto Po huweza kupita nyuzi 35, na katikati ya Agosti wenyeji wengi hufunga maduka yao wakaenda pwani. Oktoba mchana huwa na nyuzi kama 20, alfajiri zikashuka hadi kumi, na masoko hujaa vitu vya majira ya kupukutika kwa majani: maboga, uyoga wa porini uitwao porcini, zabibu za mwisho, na castagne, kokwa za kahawia zinazochomwa juu ya moto na kuuzwa barabarani katika pakiti za karatasi. Mvua hunyesha, lakini Bologna ina dawa yake. Mji huo una vibaraza vyenye matao vinavyopita mbele ya nyumba pande zote mbili za barabara, jumla yake kilomita 62 hivi, na UNESCO iliviingiza katika urithi wa dunia mwaka 2021. Sheria ya mwaka 1288 ilimlazimu kila anayejenga kuacha kibaraza mbele ya nyumba yake kwa ajili ya wapita njia, kirefu kiasi cha kumruhusu mtu aliyepanda farasi. Ardhi ilibaki mali ya mwenye nyumba, njia ikawa ya watu wote. Mimi naliona hilo kuwa jambo la uungwana mkubwa, na kila tulipotembea tukiongea, huku mvua ikimwagika hatua moja pembeni yetu, nilitamani miji yetu nayo ingejengwa kwa kumfikiria mtembea kwa miguu.

Kirefu kuliko vyote ni kile kinachopanda mlimani hadi kanisa la San Luca, chenye matao 666 na urefu unaokaribia kilomita nne, ambacho ujenzi wake ulianza mwaka 1674. Mwanzoni njia ni tambarare, kisha ngazi zinaanza. Tulikipanda taratibu, tukipishana na wazee wa mji ambao kwao hayo ni matembezi ya kawaida ya asubuhi, na huko juu tuliona vilima vimeanza kugeuka rangi ya dhahabu na kutu.

Chakula nakiandikia kwa uangalifu, kwa sababu sisi ni Waislamu, na huu ni mkoa wa nguruwe kuliko mingi ya Italia. Mortadella, ile soseji nene ya Bologna, ni nguruwe, ham ya Parma, paja lililokaushwa kwa chumvi, ni nguruwe, nyama iliyomo ndani ya vifuko vidogo vya tambi viitwavyo tortellini kwa kawaida ni nguruwe, na mchuzi wa ragù unaoliwa na tambi pana za tagliatelle mara nyingi huchanganya ng'ombe na nguruwe. Hata piadina, mkate wa Romagna unaokandwa na kuchomwa kama chapati yetu, kwa asili hutiwa mafuta ya nguruwe, ijapokuwa wapikaji wengi sasa hutumia mafuta ya zeituni na watakwambia ukiwauliza. Hatukulala njaa. Ferrara wana cappellacci, vifuko vya unga na mayai vilivyojazwa boga, jibini na kungumanga, ambavyo ukiomba huletwa na siagi na majani ya salvia badala ya nyama. Mtu wa Unguja ataitambua harufu ya kungumanga ile kabla sahani haijatua mezani. Boga lenyewe ni tamu hasa, na jibini yenye chumvi huuzuia utamu huo usizidi. Katika miji yote tuliyopita, hicho ndicho chakula nilichokipenda kuliko vyote.

Jibini hiyo ni Parmigiano Reggiano, na kuiona ikitengenezwa kunastahili kuamka gizani. Viwanda vyake hufanya kazi asubuhi tu, na mgeni sharti aweke miadi. Maziwa ya jioni, yaliyolala yakatolewa malai, huchanganywa na ya alfajiri katika masufuria ya shaba yenye umbo la kengele iliyopinduliwa. Yakishaganda huvunjwavunjwa kwa chombo cha nyaya mpaka yawe chembe ndogo, kisha hupashwa moto hadi nyuzi 55 hivi, na chembe hizo zikazama na kushikana chini. Hapo wanaume wawili huinamia sufuria, wakapitisha kitambaa chini ya bonge hilo, wakaliinua pamoja bila kusema neno, na mmoja akalikata vipande viwili kwa kisu kirefu. Kila kipande kitakuwa gurudumu la kilo 40 hivi, lililokula takriban lita 550 za maziwa. Baada ya kulowekwa katika maji ya chumvi hupangwa rafuni kwa muda usiopungua miezi 12, ndipo mkaguzi hupita akiligonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza kama ndani kuna ufa au uwazi, na lisilofaa hufutwa alama zake. Niwajuze wasomaji wenzangu Waislamu kwamba maziwa hayo hugandishwa kwa kimeng'enya kitokacho tumboni mwa ndama, suala ambalo wanazuoni wametofautiana, kwa hiyo kila mmoja amuulize anayemwamini.

Modena tulikwenda kwa ajili ya siki yake, ambayo hutokana na maji ya zabibu yaliyochemshwa na kukaa katika mapipa ya mbao darini kwa miaka isiyopungua 12, na nyingine 25. Matone machache juu ya kipande cha jibini yanatosha. Mtume (s.a.w.) aliisifu siki kuwa kitoweo chema, na mume wangu aliikumbuka hadithi hiyo pale pale dukani, lakini bei ya kichupa ilimfanya akirudishe mahali pake.

Ikiwa mna nafasi ya mji mmoja tu nje ya Bologna, basi uwe Ravenna. Mwaka 402 makao ya Dola ya Kirumi ya Magharibi yalihamishiwa huko, na watawala waliofuatana wakaacha makanisa yaliyopambwa kwa mozaiki, yaani picha zilizopangwa kwa vijiwe vidogo vya mawe na vioo vya rangi. Kaburi liitwalo la Galla Placidia, binti wa mfalme wa Kirumi, kwa nje ni kijumba cha matofali ambacho mtu angeweza kukipita bila kugeuka. Ukiingia huoni kitu, kwa sababu madirisha yake yamezibwa kwa vipande vyembamba vya jiwe la alabasta vinavyopitisha mwanga hafifu wa njano. Msitoke haraka kama wanavyotoka wengi. Macho yakizoea, dari ya buluu iliyokoza hujitokeza kidogo kidogo, imejaa nyota za dhahabu, na chini yake kuna njiwa wanaokunywa maji katika bakuli. Hatua chache kutoka hapo ni kanisa la San Vitale, lililowekwa wakfu mwaka 547, ambako Justinian, mfalme wa Dola ya Kirumi ya Mashariki, na mkewe Theodora wametazamana kutoka kuta mbili, kila mmoja na msafara wake, ingawa mfalme huyo hakupata kufika Ravenna. Mafundi walivibandika vioo vya dhahabu kwa kuviinamisha huku na huku kwa makusudi, kwa hiyo ukisogea hatua moja mng'ao nao husogea. Tulikaa humo mpaka mume wangu, ambaye kwa kawaida hana subira na picha, akawa yeye ndiye anayenionyesha mimi hereni za lulu na pindo za nguo za mabibi wa Theodora.

Mambo ya kujiandaa ni machache. Maombi ya viza ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 ni ya lazima. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa igongwe mhuri katika mashine ya stesheni kabla ya kupanda, la sivyo mtatozwa faini. Jiko la mgahawa hufungwa kama saa nane u nusu mchana na kufunguliwa tena saa moja u nusu usiku, na kwenye hesabu mtakuta malipo ya coperto, yaani ada ya kukaa mezani, kwa kila aliyeketi, ambayo ni desturi na si wizi. Makumbusho mengi ya serikali hufungwa Jumatatu. Jitahidini kusafiri kabla ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa sababu siku hiyo saa hurudishwa nyuma, jua likaanza kuzama mnamo saa kumi na moja jioni, na muda si mrefu ukungu wa mto Po huanza kuifunika miji.