Maswali ya Wasomaji: Kyoto Tulale Wapi?

*Mhariri, Novemba mimi na mume wangu tunakwenda Japani kumwona kijana wetu anayesoma Osaka, kisha tutalala Kyoto siku nne. Tumevutiwa na hoteli za Gion, karibu na mahekalu, lakini kijana anasema tukae karibu na treni. Tumsikilize nani? – Msomaji, Mwanga, Kigoma*

Msikilizeni kijana. Gion ni pazuri kwa matembezi ya jioni, si pa kufikia na mabegi. Tena mahekalu hayako upande mmoja: Kiyomizu-dera liko mashariki, Kinkaku-ji kaskazini-magharibi, na yale ya Arashiyama yako magharibi kabisa. Ukilala mlangoni pa moja, mengine bado utayafuata mbali. Novemba majani yanapogeuka rangi, mabasi ya upande wa mashariki hufurika na kukwama kwenye foleni, na begi kubwa humo halina pa kukaa.

Tafuteni hoteli isiyozidi dakika tano kwa miguu kutoka kituo cha Shijo au Karasuma Oike, kwenye treni ya chini ya ardhi ya Karasuma. Kutoka stesheni kuu, Shijo ni kituo cha pili na Karasuma Oike cha tatu. Hapo kwenye kituo cha tatu inakatiza njia nyingine ya treni, ya Tozai, iendayo mashariki na magharibi. Toka Shijo hadi Gion ni mwendo wa miguu wa dakika 20 hivi. Stesheni kuu yenyewe inawafaa wanaotaka kwenda Nara, Fushimi Inari au Osaka kila siku, ila jioni mtaa wake umepoa.

Kabla ya kulipa, hakikisheni bei ni ya chumba au ya kichwa. Ryokan, zile gesti za jadi, kwa kawaida hutaja bei ya mtu mmoja, kwa hiyo yen 20,000 mnazoziona ni 40,000 kwenu wawili. Angalieni na upana wa kitanda: cha sentimita 120 huuzwa kama cha watu wawili, na ugomvi huanza usiku wa kwanza. Ombeni vitanda viwili.

Kuna pia kodi ya jiji, ambayo mara nyingi hudaiwa mapokezi. Tangu Machi 2026, anayelala kwa yen 6,000 hadi 19,999 hulipa yen 400 kwa usiku. Chumba cha yen 18,000 kwa wawili ni 9,000 kila mmoja, basi kwa siku nne andaeni yen 3,200 za ziada.

Maombi ya viza hutaka mtaje mtakapolala. Wekeni nafasi mapema, inayofutika bila makato.

*Mama yangu ana miaka 68, magoti yanamsumbua, na anatamani kulala kwenye nyumba ya jadi ya Kijapani. Sisi ni Waislamu. – Msomaji, Tabora mjini*

Machiya, zile nyumba nyembamba za mbao, muziache: ngazi zake zimesimama wima, na mara nyingi chumba kiko juu, choo chini. Mpelekeni ryokan usiku mmoja, kwenye chumba chenye mikeka ya tatami na vitanda vya kimo cha chini, si godoro la sakafuni, na muombe kiti cha kulia.

Chakula ndicho chenye mtego. Hata samaki na mboga hupikwa kwa mirin au sake, na vyote viwili ni pombe. Chukueni chumba bila chakula, au waandikieni siku kadhaa kabla. Mkisema jioni ile, jikoni wamekwisha kuandaa. Bafu nalo huwa la pamoja, wanawake kwao na wanaume kwao, na watu huingia bila nguo. Kama mama hataki hilo, lipieni chumba chenye bafu lake.