Maswali na Majibu: Mtoto Anayetaka Kuwapanga Wenzake

Barua nyingi wiki hii zinamhusu mtoto wa aina moja: mdogo, mchangamfu, mwenye mawazo mengi, na anayerudi kutoka shule analalamika kwamba hana wa kucheza naye.

Binti yangu ana miaka 5, yuko darasa la awali. Wakicheza kupikapika lazima yeye awe mama, agawe vifuu na aseme nani mtoto, nani mgeni. Mwalimu anasema siku hizi wenzake wakimwona anakuja wanahamia kwenye bembea. Nifanye nini? (Mama, Tabata)

Mtoto wa miaka miwili hucheza kando ya mwenzake, kila mtu na lake. Kwenye miaka minne, mitano, ndipo mchezo unapoanza kuwa na kazi za kugawana, na mwenye mawazo mengi huwafunika wengine. Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, aliwachunguza watoto wakicheza gololi, na mwaka 1932 akaandika kwamba wadogo huziona sheria za mchezo kama amri ya wakubwa isiyoguswa, ingawa kila mmoja anazifuata kwa namna yake. Kwa hiyo usimwone binti yako mbabe. Yawezekana anaamini kabisa kwamba kupikapika kuna namna moja tu, na anaijua yeye.

Kumwambia getini asubuhi “cheza vizuri na wenzako” hakumsaidii. Cheza naye jioni, dakika kumi zinatosha. Katikati ya mchezo sema, “Mimi sasa nataka kuwa muuza mboga.” Atakataa. Usimkaripie. Sema, “Haya, basi mimi naenda kuosha vyombo,” na uinuke kweli. Akikuita, muulize, “Nikirudi nitakuwa nani?” Siku atakayojibu “unataka kuwa nani?”, ana sentensi ya kwenda nayo shuleni.

Nyumbani tupo mimi, mume wangu, dada wa kazi na mtoto wetu mmoja wa miaka 4. Shuleni wanasema anaamrisha wenzake. Sijui kaitoa wapi tabia hii. (Mama, Mwanza)

Sikiliza nyumba yako kwa jioni moja. “Dada, rimoti iko wapi?” “Dada, mvue mtoto viatu.” “Dada, maji!” na jagi liko mezani. Mtoto anasikia mtu mzima akiagizwa bila naomba wala asante, na anaitika. Naye anajaribu, anaona inafanya kazi. Dada hathubutu kumkatalia, maana mtoto akilia atakayeulizwa ni dada. Halafu mwanao anapelekwa chekechea, anakutana na watoto thelathini ambao hakuna anayewalipa wamtii.

Hapa ndipo ningeanzia hata kama shuleni kusingekuwa na malalamiko. Mbele ya mtoto, mwambie dada: “Ukisema hapana, ni hapana, na mimi nitakuunga mkono.” Kisha utimize, hata siku umechoka na mtoto anapiga kelele. Viatu avue mwenyewe, sahani yake apeleke jikoni mwenyewe. Na wewe na baba yake mseme “naomba” mkimtuma dada. Bila hilo, yote mengine ni kazi bure.

Mwanangu wa darasa la pili ni monita. Kaandika jina la rafiki yake wa dawati moja kwenye orodha ya wapiga kelele, sasa hawaongei. Nimwombe mwalimu amvue cheo? (Baba, Morogoro)

Usimwombe amvue, ataona ameadhibiwa kwa kutii. Omba umonita uwe wa zamu ya wiki, na umonita wenyewe uwe kazi: kugawa madaftari, kufuta ubao, kumwonyesha mwanafunzi mgeni choo kilipo. Binafsi siipendi ile karatasi ya majina mikononi mwa mtoto wa miaka saba au minane. Inamfanya askari wa marafiki zake.

Kuhusu rafiki, usimburute kwenda kuomba radhi. Muulize tu, “Alifanyaje alipoona umemwandika?” Mwache afikirie. Kisha mpe mpira aende nao.

Nialike wenzake wote wa darasani Jumamosi? (Mama, Arusha)

Alika mmoja. Wakiwa watatu, mara nyingi wawili huungana na mmoja akabaki nje. Saa moja na nusu inatosha. Mwanasesere asiyetaka aguswe mfungieni kabatini kabla mgeni hajafika. Chagua mchezo wenye zamu ndani yake: mdako, au kamba, ncha moja ifungwe kwenye nguzo ya baraza. Kamba ikikugusa umetoka, hakuna wa kubishana naye.

Binti yangu ana miaka sita. Bibi yake anasema mtoto wa kike mwenye amri hivi hatapata mume. Nimkomeshe? (Mama, Tanga)

Ana miaka sita! Bibi apewe shikamoo yake na chai ya tangawizi, mjadala wa mume usubiri. Kaka yake akipanga nani akae golini kwenye chandimu tunamwita nahodha. Msimzime sauti. Mfundisheni kusikiliza, na kaka yake pia.

Lini niwe na wasiwasi? (Baba, Dodoma)

Akipiga, akiuma au akitisha ili atiiwe. Akianza kuumwa tumbo kila asubuhi ya shule. Au badiliko dogo la mchezo likimliza muda mrefu, na hatambui kwamba mwenzake amekasirika hata ukimwonyesha. Zungumza na mwalimu, kisha daktari wa watoto. Na jambo moja husahaulika: masikio. Asiyesikia vizuri anaweza kuhodhi maongezi, kwa sababu akiongea yeye, halazimiki kumsikia mwingine. Ukiona anaongeza sauti ya televisheni au haitiki ukimwita kwa nyuma, omba apimwe katika kliniki ya masikio, pua na koo.