Usiguse mbao kabla mataruma hayajakubali

Meli zilinishika Fort Jesus, Mombasa. Pale makumbusho kuna vitu vilivyotolewa kwenye meli ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama chini ya ngome mwaka 1697 Waomani wakiwa wameizingira, na mimi kila nikipita hapo naganda tu. Basi nlipopata vijisenti nikaagiza seti ya kuunda mfano mdogo wa Cutty Sark, ile meli ya chai ya 1869, milingoti mitatu, kamba ka nywele za kichwa. Boksi likafika, nikalipa ushuru huku naumia, nikakunjua mchoro mkubwa ka shuka, nikaukunja tena. Liko juu ya kabati mpaka leo.

Kwa hivyo anza na mlingoti mmoja. Boti ndogo ya uvuvi, skeli 1:48 hivi, yaani mfano mdogo mara 48 kuliko boti yenyewe, vitu vishikike na vidole vya binadamu. Na usichanganyikiwe na namba, 1:48 ni kubwa kuliko 1:96.

Boti yangu ya pili ndo niliiharibu vizuri. Mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, ni wa plaiwudi na umeshakatwa na leza, mataruma, yaani mbavu zake, unayachomeka tu kwenye nafasi zake, saa mbili hazijaisha una mifupa ya samaki mezani na wajiona fundi. Nikaanza kubandika mbao usiku huohuo. Ubao wa kwanza sawa, wa pili sawa, wa tano ukaanza kupanda juu kule omo, yaani mbele ya boti, nikaulazimisha kwa supaglu na kidole changu kikabaki hapohapo. Asubuhi mbao mbili zimefyatuka na ubavu mzima una mabonde.

Nikampelekea mzee mmoja jirani yetu Mji wa Kale, ameunda mashua maisha yake yote. Akafumba jicho moja akaitazama toka tezi, kule nyuma, mpaka omo.

"Mwanangu, nyinyi mwaanza na mataruma?"

Ndio babu, karatasi yasema hivyo.

"Sisi mbao kwanza, taruma lachongwa lifuate mbao. Wewe wataka mbao zifuate mataruma, na mataruma yenyewe yana pembe."

Nlirudi nyumbani nimenyong'onyea, manake ni kweli tupu. Leza hukata ukingo wima, lakini kule omo ubao unakuja kwa mshazari, kwa hivyo unagusa ncha moja tu ya taruma na gundi haina pa kushika. Lazima kila ukingo uupige msasa ulale vile ubao utakavyolala. Bandika msasa kwenye kijiti kilichonyooka, kirefu cha kufika mataruma matatu kwa pamoja, usisugue moja moja utachimba shimo. Halafu chukua ubao mmoja mkavu, bila gundi, upitishe juu ya yote. Ukiona mwanga chini yake, ongeza kipande chembamba cha mbao hapo, ukiona nundu, sugua. Mimi ilinichukua jioni nne na mke wangu akalalamikia vumbi kwenye pilau, na alikuwa na haki.

Mbao zenyewe sasa. Kiunoni chombo ni kipana kuliko omo, kwa hivyo haziwezi kuenda na upana uleule. Pima urefu wa ukingo wa kila taruma kwa ukanda wa karatasi: tuseme taruma la katikati lina milimita 60 na la omo 36, na una mbao 12, basi kila ubao ni 5 katikati na 3 mbele. Ukiona itabidi upunguze chini ya nusu ya upana, ubao mmoja uukatize njiani. Loweka maji ya moto, ukunje kwenye ubavu wa sufuria, ubane na vibanio vya nguo mpaka ukauke kabisa ndo utie gundi nyeupe, ukibandika mbichi utasinyaa na kuacha nyufa. Na hapa kwetu masika ikiingia hewa yenyewe ni maji, weka mbao kwenye mfuko wa plastiki. Bandika kulia, kisha kushoto, kisha kulia, ukimaliza upande mmoja kwanza mkuku unajipinda, na huo haunyooki tena hata umlilie nani.

Ya tatu iko mezani saa hii, mataruma yote yamekubali. Mzee akapita jana akaikagua, akaguna, akauliza mbona haina nafasi ya kuweka tui na mchele. Leo usiku naingia ubao wa tatu, stima ikikaa.